Historia ya Mtaa Haitafuti Mshindi

Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili waliokuwa kazini, mazungumzo yetu ya urithi yamekuwa ya mawe, chokaa na boriti. Ni haki yake. Jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 haliwezi kuachwa kifusi mbele ya Forodhani, na habari za ukarabati wake kwa msaada wa Oman hazikauki barzani. Lakini pembeni ya kelele hiyo kuna jambo jengine linalokua, na kila likitajwa linasemwa vibaya. Watu wa kawaida wanajikusanya mtaani, kijijini au kwenye kundi la WhatsApp. Wanatafuta picha za zamani, wanarekodi wazee, wanaandika nani alikaa nyumba ipi na kisima kipi kilichimbwa na nani. Kikundi kikishapata umri kidogo hutaka kujisajili na kujiita jumuiya ya historia. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Wengine husema hao ni wazee wanaozililia zama zao. Wengine huuliza, si kuna makumbusho na kuna Nyaraka, ile hifadhi ya hati za serikali, ya nini tena? Na wengine huinamisha sauti wakasema: hao wana lao.

Nadhani wote hao wamekosea mahali pamoja. Wanaiona jumuiya ya historia kuwa ni chombo cha kutoa hukumu. Kwamba mwisho wa kazi yake ni kitabu kimoja au onyesho moja litakalosema "hivi ndivyo ilivyokuwa", na kwa hivyo suala pekee ni nani atakayeikamata kalamu. Hoja yangu ni kinyume chake. Jumuiya ya mtaa inakuwa na faida pale tu inapoikataa kazi ya hakimu. Kazi yake ni kuandika nani kasema nini, juu ya nani, kwa ruhusa ya nani, kisha kuziweka kauli zinazopingana ubavu kwa ubavu. Kwa visiwa vyenye watu wa asili nyingi kama vyetu, jumuiya inayoharakisha kupatanisha kauli itaishia kufuta za wale wasio na sauti, hata kama nia ni safi.

Tulichonacho si kidogo. Sheria ya kulinda majengo na magofu ya kale ilitungwa 1927. Beit el Amani, lile jumba jeupe la makumbusho lenye kuba pale Mnazi Mmoja, ni la 1925. Nyaraka zilianzishwa 1956, na mtafiti anaweza kukaa pale Kilimani asubuhi nzima na barua za Kiarabu za masultani, mafaili ya mabalozi wadogo wa Uingereza na Ujerumani, na karatasi za utawala wa mashamba. Mji Mkongwe ulipata mamlaka yake ya kuuhifadhi na kuuendeleza 1985, ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Asiyeyaona hayo hana insafu. Ila kila hazina ina umbo la aliyeijaza. Faili la balozi linajua meli, ushuru na mikataba. Hati ya shamba inajua jina la mwenye shamba na idadi ya mikarafuu. Mchumaji aliyekesha kambini na kupimiwa karafuu zake kwa pishi anaonekana humo kama hesabu, basi. Hata wapiga picha wetu mashuhuri wa mwanzo, kina A. C. Gomes na Pereira de Lord, walituachia sura nyingi na majina machache. Kwenye postikadi za zama zile jumba la mawe lina jina la mwenyewe, ilhali mwanamke aliyejifunga kanga kaandikiwa kabila lake tu.

Tuliwahi kuwa na taasisi iliyokusudia kuliziba pengo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilifanywa makao ya EACROTANAL, kituo cha Afrika Mashariki cha utafiti wa mapokeo simulizi na lugha za Kiafrika, kilichokuwa cha nchi kadhaa kwa pamoja. Kituo hicho hakipo tena. Tangu hapo kurekodi wazee kumekuwa ni jambo la nasibu: mwanafunzi anayetafuta shahada, mgeni aliyepata ruzuku, kipindi cha redio mwezi wa Januari. Anayehojiwa hakai na nakala. Mara nyingi hajui hata maneno yake yalifika wapi.

Hali ya Ng'ambo inaonyesha pengo hilo wazi zaidi kuliko kwengine kokote. Mpaka wa Urithi wa Dunia, kwa sehemu kubwa, unaufuata ule mkono wa bahari uliofukiwa zamani, na upande wa pili wake ndiko walikokaa watu wengi zaidi wa mji huu kwa zaidi ya karne. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea vibanda vyao. Ulikuwa mgomo mkubwa, wa watu wengi waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa, miaka 31 tu baada ya utumwa wenyewe kupigwa marufuku 1897. Mwaka huohuo mwimbaji Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kuinukia mjini, alikwenda Bombay kurekodi santuri. Santuri zile tunazo, na ni fahari yetu. Mgomo tunao katika vitabu vya wasomi. Lakini ukisimama leo Mwembetanga au Kisimamajongoo ukauliza ni nyumba zipi ziligoma na nani aliyezunguka mlango hadi mlango kuwatia watu moyo, hutapata kibao wala daftari. Utapata, ukibahatika, mjukuu mmoja aliyesikia kwa bibi yake.

Ndani ya Mji Mkongwe kwenyewe mambo si mepesi zaidi. Chukua nyumba moja ya ghorofa tatu, iwe Kiponda au Malindi. Kabla ya 1964 ilikuwa ya familia moja, tuseme ya Kibohora au ya Kiarabu. Baada ya Mapinduzi ikataifishwa, vyumba vikagawiwa familia zilizotoka Ng'ambo, mashamba na Pemba. Wajukuu wa wenyewe wa kwanza leo wako Muscat, London na Toronto. Wana albamu. Wanajua chumba kipi alizaliwa babu, dirisha lipi walikuwa wakiteremshia kikapu kwa muuza samaki, na nani aliuchonga mlango. Historia yao inasimama Januari 1964 kama saa iliyoishiwa ufunguo. Wanaoishi humo sasa wana miaka sitini ya kwao: nani alihamia kwanza na godoro lake, harusi ngapi zimefanywa juu ya paa, ukuta wa kaskazini ulipasuka masika gani, nani aliuza sehemu ya boriti na nani akanuna. Ila wao hawaiiti hiyo historia, kwa sababu hakuna mgeni aliyewahi kuja na kamera kuwauliza. Pande zote mbili zinajiona ndio wenye nyumba, na pande zote mbili zina sababu. Kumbukumbu ya nyumba hiyo imekatwa nusu, nusu moja iko ughaibuni na nusu iko ngazini, na wenye nusu hizo hawazungumzi. Mtu pekee anayeweza kuzikutanisha bila mmoja kuhisi anadaiwa nyumba ni mtu wa tatu asiye na maslahi na hati. Serikali haiwezi kuwa mtu huyo, kwa kuwa ndiyo iliyogawa. Hoteli haiwezi, kwa kuwa inaitaka nyumba. Jumuiya ya mtaa inaweza, ikijua mipaka yake.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha namna hii, Kikwajuni, sebuleni kwa mtu. Kijana aliyekuwa akirekodi aliweka mezani picha moja ya wanawake wapatao ishirini, wamevaa kanga sare, wamepanga mstari wa lelemama, ile ngoma ya wanawake. Bibi wa kwanza alisema ni harusi, na akamtaja bibi harusi. Bibi wa pili akaichukua picha, akaisogeza dirishani, akasema harusi gani hiyo, hiyo ni zama za siasa, tulikwenda kumpokea kiongozi, na hizo kanga tulipewa na chama. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kijana wa watu akachanganyikiwa, akauliza, "Sasa bibi, niandike lipi?" Yule wa pili akamjibu: "Andika yote mawili, mwanangu. Na uandike kuwa mimi nimemkatalia." Mimi naona bibi yule, bila kusomea popote, aliitaja kanuni ambayo taasisi kubwa huishindwa. Kanga inaweza kuwa ya harusi na ya chama kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1957 hadi 1963, watu wa vyama vya Hizbu na Afro-Shirazi waliposusiana maduka na mazishi, hata lelemama ilikuwa na upande. Huo ubishi wenyewe ndio ushahidi. Kama kijana angechagua jibu moja kwa ajili ya maelezo chini ya picha, angeipoteza habari kubwa kuliko zote: kwamba baada ya miaka mingi kiasi hicho, mmoja anataka picha ile ikumbukwe kwa furaha ya nyumbani na mwengine kwa ushujaa wa hadharani.

Hali ni hiyohiyo kwa historia ya kale sana, ambako tungedhani hakuna wa kukasirika. Pujini, kusini ya Chake Chake kisiwani Pemba, kuna magofu ya ngome ambayo watu wa huko wanaihusisha na Mkama Ndume, mtawala katili aliyewabebesha watu mawe huku wakijiburura kwa makalio. Kuna kisima, na inasimuliwa kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wateke maji bila kuonana. Wachimbaji wa mambo ya kale wanakwambia ngome ile ni ya karne ya 15 hivi, wanazungumzia kuta, vigae na biashara ya bahari. Mwongozaji wa watalii atakuchanganyia yote kwenye sufuria moja. Mwalimu wa skuli atakwambia achana na ngano. Mimi nasema ngano ile ni waraka vilevile, ila ni waraka wa jambo jengine: inatueleza Wapemba wa vizazi vya baadaye walikuwa na maoni gani juu ya mtu anayetawala kwa mabavu. Vigae haviwezi kusema hilo. Anayezihifadhi mbili hizo sharti aziweke mbalimbali, kila moja na jina la msemaji wake na siku iliyosemwa, asiitumie moja kuizibia mwenzake mdomo.

Sasa, hoja za wanaopinga. Iliyo nzito kuliko zote ni ile ya majeraha. Wanasema, yaliyopita si ndwele. Visiwa hivi vimemwaga damu 1961 na 1964, vimeumizana tena kwenye chaguzi za vyama vingi, na ilichukua mpaka 2010 kupata kura ya maoni iliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Ya nini kumwekea mtu rikoda mbele akaanza kutaja nani alimfanyia nini baba yake, ilhali mtoto wa huyo anayetajwa ni jirani, na anasali safu moja naye? Sina jibu jepesi kwa hilo na simwamini mwenye nalo. Familia nyingi zimeishi kwa kunyamaza, na kunyamaza huko kumelea ujirani. Lakini tujiulize kimya hicho kinakwenda wapi. Yanayonyamazwa mbele ya watu yanasemwa jikoni, upande mmoja tu, kwa watoto ambao hawatausikia upande wa pili kamwe. Mtoto wa nyumba hii anakua na Mapinduzi ya ukombozi matupu, mtoto wa nyumba ile na Mapinduzi ya msiba mtupu, na wote wawili wana hakika kwamba mwenzao kadanganywa. Kwa hiyo hoja ya majeraha, kwa maoni yangu, haizuii kurekodi, inazuia kutangaza. Hayo ni mambo mawili. Rikodi inaweza kuchukuliwa leo, ikafungwa kwa muda alioutaka msemaji, ikiwa ni miaka kumi au mpaka afe yeye na aliowataja. Mahali pengi duniani hufanywa hivyo. Jumuiya isiyoweza kufunga kabati na kulinda ufunguo isiingie kabisa kwenye habari za 1964. Ibaki na ngoma na mapishi, na hakuna aibu.

Hoja ya pili nayo ina uzito: kwamba jumuiya hizi ni za wenye nafasi. Wanaohudhuria ni wanaume wa mjini, waliosoma, wenye picha za zamani kwa sababu baba zao walikuwa na pesa ya kwenda studio. Kweli. Historia ikikusanywa kwa albamu, mvuvi wa Kojani hatakuwemo, wala mchumaji karafuu wa Kinyamwezi aliyebaki Unguja baada ya msimu, wala yaya aliyelea watoto wa watu Shangani miaka thelathini. Tuna jamii ambazo zimepungua mpaka zimebaki majina ya vichochoro na makaburi: Wagoa walioshona suti na kupiga bendi, Mafarsi (Waparsi wa India) waliojenga hekalu lao la moto, mafundi vito kutoka Ceylon, na Wangazija ambao bado wapo lakini wengi walijifunza kutolisema hilo kwa sauti walipoanza kuulizwa uraia wao. Dawa ya upungufu huu ni kubadilisha kinachokusanywa. Yaya hana albamu, lakini anajua nyimbo za kubembeleza za nyumba tatu tofauti. Mkojani hana hati, lakini anaweza kukutajia madago, yaani kambi za uvuvi, ya babu yake pwani yote, kisiwa kwa kisiwa, na upepo wa kwendea. Jumuiya inayokwenda na skana tu itarudi na historia ya matajiri. Sharti iende na rikoda, na iwe na wanawake wanaohoji wanawake, kwa sababu kuna mambo ambayo bibi hamwambii kijana wa kiume hata akimwita mjukuu wangu.

Ile ya kwamba serikali inatosha naipita haraka. Makumbusho ya taifa hayawezi kuwa na mtu katika kila shehia, na wala hayapaswi. Mtu wa Makunduchi haulizi ruhusa mjini kuufanya Mwaka Kogwa, na wala hahitaji mtu wa mjini amweleze kwa nini watu wanapigana kwa migomba siku ile.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa na vijana, na ndiyo naitaka niikalie. Wanasema jumuiya ya nini wakati simu ipo? Kuna kurasa za picha za Zanzibar ya zamani zenye wafuasi maelfu, kila siku mtu anapandisha picha, wazee wanatoa maoni chini, historia inajihifadhi yenyewe. Inapendeza kuisikia. Sasa tuifuate picha moja. Inatolewa kwenye albamu ikiwa imebandikwa, inapigwa picha kwa simu chini ya taa ya dari, mwako ukiwa umekaa usoni pa bwana harusi. Inatumwa kwa WhatsApp, ambayo inaipunguza ukubwa na kuondoa taarifa za lini na kwa kifaa gani ilichukuliwa. Anayeipokea anaikata pembeni, na pale pembeni ndipo ulipokuwa muhuri wa studio. Anaipeleka kundi jengine na maneno "Zanzibar miaka ya 50". Wa nne anaandika "Pemba". Wa tano anatia alama yake juu ya picha ili isiibiwe. Baada ya mwaka una nakala elfu za picha ambayo hakuna ajuaye ni ya nani, wapi na lini, na ile ya asili imeshapelekwa kwenye duka la steshenari ikabanwa ndani ya plastiki ya moto ili "isiharibike". Hapo ndipo ilipokufa. Plastiki ile haitoki tena bila kuondoka na uso wa picha. Penseli laini na mstari mmoja wa maandishi nyuma yake, jina, mtaa, aliyesema, vingeihifadhi zaidi kuliko wafuasi wote hao.

Na kuna jambo jengine ambalo wapenda simu hawalizungumzi: sitara. Albamu za miaka ya 1950 zina kina mama na bibi zetu wakiwa ndani, vichwa wazi, wamesuka, wanacheka na mashoga zao. Zilipigwa kwa ajili ya macho ya nyumbani. Mjukuu anayezipandisha mtandaoni anadhani anaenzi. Shangazi anaona kavuliwa nguo mbele ya watu. Nimesikia familia zilizochoma picha kwa woga huohuo. Jumuiya inayomuuliza mwenye picha "hii aione nani?" na kuliandika jibu, hata likiwa "waione wanawake wa ukoo tu", inaokoa picha ambayo mtandao ungeiunguza.

Suala la kuuliza linatufikisha kwenye kikwazo ambacho wafadhili wa nje hawakielewi kabisa. Hapa kwetu karatasi ya zamani ni zaidi ya kumbukumbu, ni dai. Hati ya wakfu, barua ya kadhi, risiti ya shamba, hata bahasha yenye anwani, inaweza kesho kusimama mbele ya mahakama ya ardhi. Baada ya nyumba na mashamba kutaifishwa, na eka tatu tatu kugawiwa, waliopoteza walificha karatasi na waliopewa waliogopa karatasi za wenzao. Ndiyo maana ukimwambia mzee "tupe nyaraka zako tukuhifadhie", anakukaribisha kahawa na kukwambia mchwa walimaliza zote. Sitaki kumlaumu. Jumuiya yenye akili haichukui kitu cha mtu. Inapiga nakala mbele yake, inamrudishia mkononi palepale pamoja na nakala safi, na hati za umiliki haizigusi. Hazina za mtindo huu hazina jengo la kufungua kwa utepe, na huenda hilo ni heri kwao.

Kuna mtego mdogo ningependa waanzilishi wauepuke tangu fomu ya kwanza, nao ni ule mstari unaouliza kabila. Sensa za Waingereza, kuanzia 1924 hadi 1948, zinaonyesha watu wa visiwa hivi wakihama kwa maelfu kutoka jina moja kwenda jengine, wasihame hata mtaa. Aliyeandikwa Mswahili akawa Mshirazi. Mwenye asili ya bara akawa Mhadimu. Hawakuwa waongo. Walikuwa wanajibu swali ambalo jibu lake lilikuwa na thamani tofauti kila mwaka, kulingana na nani anapata nini na nani anadharauliwa. Mtu ambaye bibi yake alipita soko la watumwa la Mkunazini kabla halijafungwa 1873 alikuwa na kila sababu ya kutaka wajukuu wake waitwe jina jengine. Fomu ikiuliza "kabila" na kuacha nafasi ya neno moja, inamlazimisha mtu huyo achague upya leo. Afadhali kumuuliza: unajiitaje, baba yako alijiitaje, na majirani walikuwa wakimwitaje? Majibu matatu, na mara nyingi hayafanani. Katika kutofautiana huko ndimo ilimo historia ya jamii zetu, kuliko katika hesabu yoyote ya nani ni nani.

Ikiwa haya yana maana, basi baadhi ya mambo yanafuata. La kwanza ni pesa kidogo sana zielekezwe mahali tofauti. Rikoda mbili, diski za kuhifadhia zinazokaa nyumba mbili tofauti, posho ya nauli ya vijana, na mafunzo ya kuandika maelezo. Vyote hivyo ni bei ya mlango mmoja wa kuchonga. La pili ni kwamba jumuiya ziandikishwe kwa jina la mtaa au kijiji, zisiwe za kabila wala chama, na sheha aalikwe kama mkaazi, asiwe mwenyekiti; akishakuwa mwenyekiti, watu watasema anachotaka kusikia.

La tatu ni Pemba, na hapa nakiri nina upendeleo. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba uchumi wa visiwa hivi, na bado ndiko zinakotoka karafuu zetu nyingi. Ndiko kwenye magofu ya Ras Mkumbuu, na Mtambwe Mkuu ambako mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili. Ndiko kwenye ngoma za kibati na msewe, na mchezo wa ng'ombe ambao kila kijiji kina maelezo yake ulikotoka. Lakini mzungumzaji akisema "historia ya Zanzibar", mara tisa kati ya kumi anakusudia hatua mia tano kuzunguka Ngome Kongwe. Jumuiya ikiundwa mjini itafungua tawi Pemba mwaka wa tano, fedha zikibaki. Ningependa ianzie Wete au Konde, kwa wachumaji karafuu waliokwisha kupita miaka themanini, wale waliofanya kazi kabla na baada ya mashamba kugawiwa. Hao wanawakumbuka wenye mashamba kwa majina, wazuri na wabaya, na wanakumbuka pia nani alipata eka zipi na nani alinyimwa. Watapingana sana. Mwenye rikoda aende na betri za ziada.